Mhina: Mti wa Miba, Harufu Nzuri na Rangi

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), Aliyeotesha katika ardhi kila namna ya mimea yenye manufaa kwa waja wake. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Wanafunzi wapenzi na wazee wetu, somo letu la mara hii limetokana na mkono wa mwenzenu mmoja. Chuo kilipofunguliwa baada ya Idd el Fitri, alikuja mwanafunzi wa kike wa miaka tisa, mkono wa kulia ameuficha ndani ya mtandio. Alipotakiwa kuandika ubaoni alilia. Tulipomfunua tukaona ua zuri alilochorwa usiku wa kuamkia Sikukuu limeumuka malengelenge, jani kwa jani, kama lilivyochorwa. Mama yake alipoitwa alisema, "Mwalimu, si kitu kibaya, ni hina tu." Tukauliza zaidi, ikabainika kuwa haikuwa hina. Ilikuwa piko.

Hapo tukaona kwamba wengi wetu tunaipaka hina lakini hatuijui. Basi leo tuuangalie mti wenyewe, kisha tujue kipi ni hina na kipi sicho.

1. MTI WENYEWE

Mhina ni mti mdogo unaotoa matawi mengi tangu chini. Mara nyingi huwa na urefu wa mita 2 hadi 6. Hapa Kiembe Samaki baadhi ya nyumba zinao pembeni mwa ua, na wapitao huujua kwa harufu kabla ya kuuona. Unastahamili jua kali na ukame, na huoteshwa kwa mbegu au kwa kukata kijiti na kukichomeka ardhini.

Majani yake ni madogo, laini, yenye ncha, na hukaa mawili mawili yakikabiliana. Maua hutoka kwa vichala mwishoni mwa matawi. Kila ua lina petali 4 zilizokunjana na nyuzi 8 ndefu zenye chavua. Rangi yake huwa nyeupe, ya maziwa au ya waridi hafifu. Harufu yake ni nzuri mno, na kule India hutengenezwa mafuta mazuri kutokana na maua haya. Tunda ni kijidude cha mviringo kisichofika sentimita moja, kikikauka hupasuka na kutoa mbegu nyingi ndogo.

Mtaalamu wa Sweden, Carl Linnaeus, aliupa mti huu jina la kitaalamu mwaka 1753: Lawsonia inermis. Neno la kwanza ni kwa heshima ya daktari Isaac Lawson. Neno la pili ni la Kilatini, maana yake "asiye na silaha", yaani usio na miba. Lakini mchumaji yeyote wa hina atakwambia kuwa miba ipo! Sababu ni kwamba mti mchanga hauna miba, bali ukizeeka vijitawi vyake vifupi hukauka ncha na kuwa vikali. Kwa hiyo mwenye kuchuma kwenye mti mkongwe na ajihadhari.

Jambo jingine la kufurahisha: wataalamu wa mimea wa leo wameuweka mhina katika ukoo mmoja na mkomamanga, mti ambao tunda lake limetajwa ndani ya Qur-an katika Suratur Rahman, aya ya 68.

2. RANGI INATOKA WAPI?

Jani la mhina ni la kijani, mbona mkono unakuwa mwekundu? Ndani ya jani mna kitu kiitwacho lawsoni, kiasi cha asilimia 1 hivi ya jani kavu. Jani likisagwa na kuchanganywa na kitu kikali kama maji ya ndimu, kisha likaachwa saa kadhaa, lawsoni hutoka. Ikigusa ngozi, nywele au kucha hushikamana na protini iliyomo humo, iitwayo keratini.

Ndiyo maana hina hukolea zaidi viganjani na nyayoni, ambako ngozi ni nene. Ukiiondoa, rangi huwa ya chungwa kwanza, kisha huendelea kuiva kwa siku moja au mbili hata ikawa nyekundu ya kahawia. Baada ya wiki moja hadi tatu hutoweka, kwa sababu ngozi ya juu hujivua.

Shikeni neno hili: hina peke yake haitoi rangi nyeusi ya makaa.

3. HINA KATIKA DINI YETU

Hina ilikuwa ikitumika zamani za Mtume (S.A.W.) kwa tiba na kwa pambo. Imepokewa katika Sunan Abu Daud kwamba mtu akilalamika maumivu ya miguu, Mtume (S.A.W.) alikuwa akimwelekeza kuipaka hina. Imepokewa pia kwamba aliitaja hina pamoja na mmea wa katam kuwa ndivyo vizuri zaidi vya kubadilishia mvi. Na siku ya kufunguliwa Makka, mwaka wa 8 Hijria, aliletwa Abu Quhafa, baba yake Sayyidna Abubakar (R.A.), kichwa na ndevu vyeupe kabisa. Mtume (S.A.W.) akaamrisha mvi zile zibadilishwe rangi, ila nyeusi iepukwe. Hadithi hii imo katika Sahih Muslim. Tusiichanganye: inazungumzia mvi, haizungumzii michoro ya mikono. Hukumu ya piko tutaipata kwa njia nyingine.

Wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi hapa kwetu, wamewakataza wanaume kujipamba kwa hina mikononi na miguuni, isipokuwa kwa tiba. Na mwanamke aliyefiwa na mume haipaki mpaka amalize eda yake.

Je, hina inazuia udhu? Rangi yake haizuii, kwa sababu imeingia ndani ya ngozi na haikuweka utando wa kuzuia maji. Lakini ule uji uliokauka juu ya mkono ni lazima ubanduliwe kwanza. Rangi ya kucha ya chupa ni kinyume chake: ni utando, na maji hayafiki.

Mila hii haikuunganisha sisi peke yetu. Disemba 2024 UNESCO iliiingiza hina katika orodha ya urithi wa utamaduni kwa maombi ya nchi 16 za Kiarabu, zikiwemo Oman na Yemen, ambako wengi katika wazee wetu walitokea.

4. PIKO SI HINA

Piko ni nyeusi, na hutengenezwa kwa rangi nyeusi ya nywele. Ndani ya rangi hizo mara nyingi mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kemikali hii huruhusiwa katika rangi ya nywele kwa kiwango kisichozidi asilimia 2, na hairuhusiwi kuchorewa ngozi. Mchoraji wa mtaani hapimi kiwango.

Madhara yake ni kuwashwa, malengelenge, na kovu linaloweza kubaki. Kubwa zaidi ni kuwa mwili ukishaikataa PPD mara moja huikumbuka maisha yote. Mtoto aliyeungua leo, akija kutia rangi nywele zake ukubwani, anaweza kuvimba uso hata kupata tabu ya kupumua.

Allah (S.W.) ametukataza katika Suratul Baqara, aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizo, na Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Ikiwa pambo linajulikana kuwa na madhara, kumpaka mtoto asiyejua ni dhima ya mzee.

Utaitambua vipi? Hina huwa ya kijani au kahawia, hunukia majani, hutaka kukaa saa nyingi, na huanza na rangi ya chungwa. Ukiambiwa itakolea nyeusi kwa nusu saa, ondosha mkono wako.

Na hina safi nayo ina mpaka wake. Wako watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, jambo linalopatikana zaidi katika sehemu zenye historia ya malaria kama visiwa vyetu. Kwao hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Basi watoto wachanga wasipakwe. Mtoto akigeuka manjano au mkojo ukawa mweusi, apelekwe hospitali haraka.

5. TUTENGENEZE WENYEWE

Chuma majani, yaoshe, yaanike kivulini mpaka yakauke. Yatwange kwenye kinu, kisha yachunge kwa kitambaa chepesi. Changanya unga na maji ya ndimu mpaka uwe uji mzito, funika saa 6 au zaidi. Paka, uiache usiku kucha, asubuhi uibandue bila kukimbilia maji.

Mwenzenu amepona, alhamdulillahi, lakini alama ya lile ua ingalipo mkononi mwake. Mwaka huu ametuomba kijiti cha mhina, na tumemsaidia kukipanda nyuma ya chuo.

MASWALI YA KUJIPIMA

a) Kwa nini jina la kitaalamu la mhina linasema hauna miba?
b) Kwa nini hina hukolea zaidi viganjani?
c) Eleza tofauti ya hina na rangi ya kucha katika udhu.
d) Taja alama tatu za kuitambua hina ya kweli.

Wabillahi tawfiq.