Insulini Isiposhusha Sukari: Tufikirie Ukinzani wa Insulini wa Aina B

Tumchukue, kwa mfano wa somo hili, mama wa miaka 45, mkulima wa mpunga wa Kilangali, wilayani Kilosa. Dozi yake ya insulini imepita uniti 200 kwa siku, lakini sukari haishuki na mwili unazidi kukonda. Ni rahisi kuhitimisha kwamba hafuati masharti.

Kwanza tuchunguze yaliyo ya kawaida: insulini iliyoharibiwa na joto, uchomaji usio sahihi, uvimbe mahali anapochoma, maambukizi, au matumizi ya steroidi. Kisha achomwe insulini nzima mbele ya muuguzi. Sukari isiposhuka hata hapo, lawama zikome na uchunguzi uendelee.

Insulini hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye vipokezi vya seli, mithili ya ufunguo kwenye kitasa. Katika ugonjwa huu adimu, kinga ya mwili hutengeneza kingamwili zinazoviziba vipokezi hivyo. Ulielezwa mwaka 1976 na C. Ronald Kahn, Jeffrey Flier na wenzao nchini Marekani. Wengi wa walioripotiwa ni wanawake wenye asili ya Kiafrika, wa umri wa makamo, na mara nyingi wana lupasi pia. Kwa hiyo ugonjwa huu unatuhusu.

Dalili zake ni kukonda, kukojoa sana, na ngozi kuwa nyeusi na nene shingoni, kwapani, hata kuzunguka macho na midomo. Tofauti na ukinzani wa kawaida, mafuta ya damu aina ya trigliseridi huwa chini. Tahadhari: kingamwili hizohizo zaweza kuamsha vipokezi, sukari ikashuka kwa kiwango cha hatari.

Mgonjwa wa namna hii apewe rufaa hadi kwa bingwa wa homoni. Tiba yake ni kutuliza kinga ya mwili. Katika ripoti ya Marekani ya mwaka 2018, wagonjwa 19 kati ya 22 walipata nafuu kamili kwa rituksimabu, steroidi na siklofosfamidi. Kabla ya dawa hizo, apimwe kifua kikuu, homa ya ini aina ya B na virusi vya UKIMWI. Wakati akisubiri, asiache insulini kwa uamuzi wake mwenyewe.