Sikiliza, Mwanangu: Nyumba Inayozungumza Humlinda Kijana

SOMO LA WIKI
Andiko: Mithali 1:8-19, Waefeso 6:4



Mwaka juzi kijana wangu, akiwa kidato cha pili, alirudi nyumbani na simu mpya. Nikamwuliza ameitoa wapi. Akasema, "Baba, ni rafiki amenipa." Sikuuliza rafiki huyo ni nani. Nilichukua mshipi. Usiku huo akatoka, na tukamtafuta siku mbili.

Baadaye tulijua ukweli. Mtu mzima mmoja alikuwa akimtuma na vifurushi kwa boda boda, kwa sababu hakuna anayemshuku mvulana aliyevaa sare ya shule. Ndani ya vifurushi mlikuwa na bangi. Na ile simu haikuwa zawadi, ilikuwa deni. Kila alipotaka kuacha, aliambiwa, "Lipa simu kwanza."

Nayasimulia haya kwa aibu, lakini najua si nyumba yangu peke yake hapa Gachoka.

1. Sauti inayowaita watoto wetu

Soma Mithali 1:10-14 polepole. Wenye dhambi hawaanzi kwa kumwambia kijana aje apotee. Wanamwambia aandamane nao, kwamba nyumba zitajaa mali, na kwamba wote watakuwa na mfuko mmoja. Wanampa wenzake, pesa, na mahali pa kuhesabiwa kuwa mtu. Kijana asiye na wa kuongea naye nyumbani, maneno hayo kwake ni asali.

Sasa rudi mstari wa 8. Kabla ya sauti ya wenye dhambi kuna sauti ya baba na ya mama. Wote wawili wanatajwa. Nilijiuliza: kwangu, nani alianza kuongea na huyu mtoto? Haikuwa mimi.

2. Waliochunguza jambo hili

Kuna watu wamelifanyia utafiti. Huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Utah, James Alexander na Bruce Parsons walianza miaka ya 1970 kushughulika na vijana waliokuwa wamefikishwa mahakamani. Hawakumketisha kijana peke yake. Waliketisha nyumba nzima. Kazi ya kwanza ilikuwa kupunguza lawama, kwa maana watu wanaolaumiana hawawezi kusaidiana. Hiyo ndiyo inaitwa tiba ya familia.

Hapa Kenya pia ipo. Huko Muhuru Bay, Kaunti ya Migori, mafunzo ya familia yalifanyika ndani ya makanisa manne, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wazazi na watoto walianza kuzungumza vizuri zaidi. Kule Eldoret kuna mpango unaoitwa Tuko Pamoja. Washauri wake ni watu wa kawaida ambao jamii ilikuwa tayari inawaendea, wakafunzwa kuketi na familia. Kwa hivyo mzee wa kanisa akifunzwa anaweza kufanya kazi hii.

3. Jioni tatu

Kwetu alikuja cucu mmoja wa kanisa. Aliketi nasi jioni tatu. Masharti yake yalikuwa mawili tu: mtu asikatwe akiongea, na makosa ya zamani yasihesabiwe.

Jioni ya pili kijana akasema, "Baba, wewe huongea na mimi ukinituma ama ukinigombeza." Mama yake akalia. Mimi nikatafuta la kujitetea, nikakosa. Nikaomba msamaha. Ndugu zangu, ni rahisi kufunga siku tatu kuliko kumwomba mtoto wako msamaha!

Ndipo akataja deni, na akataja jinsi anavyoogopa. Mshipi haukuwa umetoa neno hata moja. Kesho yake tulienda naye kwa chifu na kwa afisa wa watoto, tukarudisha simu mikononi mwao. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inamlinda mtoto asitumiwe kusafirisha wala kusambaza dawa za kulevya. Mwenye kumtuma ndiye mwenye kesi kubwa.

Leo kijana yuko kidato cha nne. Kuna siku bado ananyamaza. Lakini akinyamaza siku hizi, nakaa karibu naye.

4. Tufanye nini wiki hii

- Kuleni pamoja angalau jioni mbili, simu zikiwa kando. Kila mtu aseme siku yake ilikuwaje.
- Ukiona pesa, viatu au simu usiyoijua, uliza kwa upole: "Huyo aliyekupa anataka nini?"
- Usiende kumkabili huyo mtu peke yako. Nenda kwa afisa wa watoto, au piga 116, ni bure.
- Ukiona nyumba imeshindwa kuongea, ita mtu mmoja mnayemwamini nyote.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Paulo katika Waefeso 6:4 anawaonya baba wasiwachokoze watoto. Wewe humchokoza wako kwa njia gani?
2. Mara ya mwisho ulimsikiliza mtoto wako bila kumkatiza ni lini?

Ombi

Bwana, utupe masikio kabla ya kutupa maneno. Warudishe watoto wetu walioko njiani na mizigo ya watu wengine, na wakifika mlangoni, watukute tunawangoja. Kwa jina la Yesu, Amina.