Kufundisha Historia kwa Mjadala: Uchaguzi wa Gavana wa New York, 1792

Mara nyingi historia ya uchaguzi hufundishwa kama orodha ya majina na miaka. Njia hiyo humpa mwanafunzi la kukariri, wala haimpi la kupima. Uchaguzi wa New York wa mwaka 1792 wafaa kwa mjadala, kwa kuwa swali lake ni moja: je, kura ya mwananchi yaweza kutupwa kwa kosa la aliyeibeba?

Maelezo ya Mwalimu

George Clinton, Gavana tangu mwaka 1777, alishindana na John Jay, Jaji Mkuu wa Marekani. Waliopiga kura ni wanaume waliomiliki ardhi ya thamani isiyopungua pauni 100. Sheria iliagiza sherifu wa kila wilaya, au msaidizi wake, apeleke kura kwa Katibu wa Jimbo. Kisha kamati ya wabunge 12 izihesabu.

Kura za wilaya tatu zilizua mgogoro. Za Otsego zilipelekwa na sherifu ambaye muda wake ulikuwa umekwisha. Za Tioga na Clinton zilidaiwa kupitia mikono isiyoidhinishwa kisheria. Maseneta wawili waliombwa maoni juu ya Otsego: Rufus King alitaka zihesabiwe, Aaron Burr alikataa. Wengi katika kamati, wafuasi wa Clinton, walizitupa zote. Clinton akatangazwa mshindi kwa kura 8,440 dhidi ya 8,332, yaani tofauti ya kura 108. Jay aliwasihi wafuasi wake watulie. Mwaka 1795 alichaguliwa Gavana.

Hatua za Somo

1. Mwalimu aeleze kisa, lakini aufiche uamuzi wa kamati.
2. Kundi la kwanza litetee utaratibu wa sheria. La pili, haki ya mpiga kura. La tatu liwe kamati.
3. Kamati iandike uamuzi na sababu zake. Ndipo mwalimu aufichue uamuzi wa 1792.
4. Mwalimu ayabadilishe majina ya wagombea na kuuliza: je, sababu zenu zingali zasimama?

Tahadhari

Kundi la kwanza lisidhihakiwe. Kanuni za kupeleka kura hutungwa ili kuzuia udanganyifu; pasipo kanuni, sanduku lolote laweza kuingizwa.

Tathmini

Mwanafunzi asipimwe kwa upande aliouchagua. Apimwe kwa hatua ya nne: ambaye hoja yake hugeuka pamoja na jina la mgombea, huyo ametetea mtu, hajatetea kanuni.