Bakteria wapya wa tumbo na mtindi tuliouzoea

SWALI: Daktari, nina miaka 61 na nina kisukari cha aina ya pili, natumia metformin. Mwanangu anayeishi Marekani ameniletea chupa ya kapsuli za bakteria aitwaye Akkermansia. Anasema ni za kisasa kuliko mtindi na probaiotiki tunazonunua famasi. Je, ni kweli? Nikizianza, naweza kuacha metformin? – Mama, Tanga

JIBU: Shikamoo, mama. Naanza na swali lako la mwisho maana ndilo lenye hatari: usiache metformin. Hakuna kapsuli ya bakteria iliyothibitishwa kushika nafasi yake.

Probaiotiki za zamani nyingi ni jamii ya Lactobacillus na Bifidobacterium. Kazi yao inayojulikana zaidi ni kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibayotiki, na hata hapo ni aina chache tu zilizopimwa vizuri. Kwa sukari ya damu, msaada wao ni mdogo.

Akkermansia ana tabia tofauti. Anaishi katika ute unaofunika ukuta wa utumbo, na ute huohuo ndio chakula chake. Watafiti wa Uholanzi walimweleza kwa mara ya kwanza mwaka 2004. Mwaka 2019, wenzao wa Ubelgiji walichapisha jaribio la miezi mitatu kwa watu wanene ambao insulini yao ilikuwa imeanza kushindwa kazi. Wengine walipewa bakteria hai, wengine bakteria waliouawa kwa joto, wengine kiigizo kisicho na bakteria. Waliopata nafuu kubwa ni waliomeza bakteria waliokufa: insulini yao ilifanya kazi vizuri zaidi na lehemu ikapungua. Inaelekea ni kwa sababu protini moja iliyo kwenye ganda la bakteria huyu huvumilia joto. Miaka yote tumewafundisha wagonjwa kwamba probaiotiki lazima iwe hai, kwa hiyo matokeo haya yalitushtua wengi.

Lakini waliomaliza jaribio lile walikuwa 32 tu. Mwaka 2020 likafuata jingine la Marekani, la watu 76 wenye kisukari kama chako, ambamo baadhi walitumia mchanganyiko wenye Akkermansia na bakteria wengine kwa wiki 12. Sukari yao baada ya kula haikupanda sana kama ya wenzao waliopewa kiigizo. Jaribio hilo lilifadhiliwa na watengenezaji wenyewe. Umoja wa Ulaya ulipompitisha bakteria huyu aliyeuawa kwa joto mwaka 2022, ulimpitisha kama chakula salama kwa watu wazima, wajawazito na wanaonyonyesha wakiwa nje ya idhini hiyo. Tiba ya kisukari haikutajwa.

Kwa hiyo mwanao ana haki ya kufurahia utafiti huu, ila kusema kapsuli hizi zimeushinda mtindi ni kuharakisha mambo. Sijui jaribio lililovipambanisha uso kwa uso. Na mtindi wenyewe uchague vizuri: ule wa vikombe vyenye ladha ya stroberi au vanila mara nyingi umetiwa sukari nyingi, na kwako hiyo ni hasara. Kunywa usio na sukari. Kula pia maharage, kunde, mboga za majani na ugali wa dona, maana nyuzinyuzi zake ndizo zinazowalisha bakteria wazuri ulio nao tayari.

Ukiwa na kinga dhaifu au unatumia dawa za kuishusha, usimeze bakteria hai bila ushauri. Chupa hiyo ibebe siku ya kliniki, mwonyeshe daktari wako lebo yake, na umwambie ukweli kama umeshaanza kuitumia.