SOMO: Hadithi ya Dakika Mbili Inavyofungua Mdomo wa Mwanafunzi



Mwaka jana kikundi kimoja ninachokitembelea kilimchangia msichana wa kijijini karo ya chuo kikuu. Wengine waliuza kuku, wengine wakaahirisha zamu yao ya kupokea mchango. Kabla muhula haujaisha, akarudi nyumbani na kusema harudi tena. "Nikifungua mdomo darasani Kiingereza kinakwama, na wenzangu wanacheka." Kuandika aliweza, kuongea ndiko kulikomshinda. Jasho la watu lilikuwa karibu kupotea kwa sababu ya aibu.

Leo tujifunze njia moja inayotumiwa na walimu wa vyuo vikuu katika nchi mbalimbali. Inaitwa hadithi ya kidijitali: ni hadithi fupi ya kweli, mwenyewe anaisimulia kwa sauti yake, kisha inaunganishwa na picha iwe filamu ndogo ya dakika mbili au tatu. Ilianzia Marekani. Mwaka 1993 Dana Atchley, Joe Lambert na wenzao waliendesha mafunzo Los Angeles, na mwaka 1994 wakafungua kituo San Francisco. Wakati huo ilihitaji kompyuta ya bei kali. Siku hizi simu yenye kamera inatosha.

Inafanywa hivi:

1. Kuketi duara. Kila mmoja anasimulia jambo lililompata. Wengine wanasikiliza na kuuliza. Kucheka mtu ni marufuku.

2. Kuandika. Maneno yawe kama 250 hadi 375, basi. Kwa vile nafasi ni ndogo, mwanafunzi analazimika kuchagua neno linalofaa na kuacha porojo.

3. Kurekodi. Anasoma, anajisikiliza, anarudia. Hapa ndipo mdomo unapofunguka. Anasikia mwenyewe mahali alipomeza neno au alipochanganya "l" na "r". Hata akikosea mara kumi, hakuna anayemwona.

4. Kuunganisha picha na sauti kwa programu ya simu. Kazi hii haili bando. Kutuma ndiko kunakokula.

5. Kuonyesha wenzake na kujibu maswali yao.

Mnaona? Katika kazi moja amesikiliza, ameongea, ameandika na amesoma. Tena ana sababu ya kusema vizuri, kwa maana hadithi ni yake.

Lakini tuangalie mambo mawili. Kwanza, hii haichukui nafasi ya mwalimu. Anayejua Kiingereza asahihishe maandishi, ila asimkatize mtu akisimulia. Ukimsahihisha kila neno, atanyamaza tena. Pili, usitumie picha ya mtu bila ruhusa yake, na kwa mtoto omba ruhusa ya mzazi. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Yule msichana tulikaa naye wakati wa likizo, pamoja na vijana wawili wa hapo kijijini. Alisimulia siku ile akina mama walipohesabu karo yake juu ya mkeka, noti na sarafu. Alirekodi mara tisa. Tulipowaonyesha wanakikundi, wengi hawakuelewa Kiingereza, akawaeleza kwa Kiswahili. Mama mmoja akauliza, "Kumbe ulituona tukihesabu?" Akajibu, "Niliwaona, mama."

Amerudi chuoni. Sitawadanganya kwamba sasa anaongea kama maji yanavyotiririka. Bado anakwama, lakini anainua mkono.

Basi tusichange karo tu halafu tukadhani kazi imeisha.

Maswali ya kujadili katika kikundi:

- Je, vijana tunaowasomesha tunawauliza yanayowashinda, au matokeo ya mtihani tu?
- Nani hapa kwetu ana simu nzuri na anaweza kuwasaidia wakati wa likizo?
- Ni hadithi gani ya kikundi chetu inafaa kusimuliwa kwanza?