Kiharusi: Dawa Iliyomponya Panya



Mwezi huu tunajibu swali tunaloulizwa mara nyingi wodini na ndugu wa wagonjwa wa kiharusi: "Sista, hakuna dawa ya kuuokoa ubongo?"

Kiharusi hutokea mshipa wa damu kichwani unapoziba au kupasuka. Sehemu ya ubongo iliyokosa damu huanza kufa kwa dakika. Kwa miaka mingi wataalamu wametafuta dawa ya kuikinga isife. Majaribio huanzia kwa wanyama, hasa panya: mshipa huzibwa, dawa hutolewa, kisha hupimwa ni sehemu gani ya ubongo imekufa. Kanisa linaruhusu majaribio ya namna hii yakiwa na kiasi na yakisaidia kuokoa maisha ya watu.

Mwaka 2006 watafiti wa Australia walihesabu tiba 1,026 za kiharusi zilizowahi kujaribiwa. Zilizofika kwa binadamu zilikuwa 114 tu. Mojawapo, iitwayo NXY-059, iliwasaidia panya na tumbili. Jaribio kubwa la kwanza kwa wagonjwa lilileta matumaini mwaka 2006. La pili, lenye wagonjwa zaidi ya 3,000, lilionyesha mwaka 2007 kwamba haina faida. Ikaachwa.

Kwa nini imponye panya, imshinde binadamu?

(a) Panya wengi wa majaribio ni vijana wenye afya. Mgonjwa wetu mara nyingi ni mtu mzima mwenye shinikizo la damu au kisukari.

(b) Panya hupewa dawa mapema, pengine dakika chache baada ya mshipa kuzibwa. Mgonjwa hufika baada ya saa nyingi, hata siku.

(c) Mara nyingine mpimaji alijua ni panya yupi aliyepewa dawa, akaona alichotaka kuona. Ndiyo maana mwaka 1999 wataalamu waliweka masharti makali zaidi ya majaribio haya.

Ipo dawa iliyovuka kutoka kwa mnyama hadi kwa mtu. Hiyo huyeyusha damu iliyoganda. Ilionyesha faida kwa sungura mwaka 1985 na kwa wagonjwa mwaka 1995. Lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, baada ya picha ya kichwa, kwa kuwa mshipa ukiwa umepasuka inaweza kuua.

Basi, ndugu zetu wa Chimwaga na vijiji vya jirani, somo ni hili: muda ni dawa. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea, maneno yakimshinda ghafla, msiseme amepigwa na jini. Msianzie kwa mganga. Angalieni saa ilipoanza, mlazeni ubavu, msimpe chakula, maji wala kidonge chochote, mkimbizeni hospitali. Na yeyote anayewauzia dawa ya "kufufua ubongo" msimpe fedha zenu.

Kinga iliyo bora tunayo hapa hapa: kupima shinikizo la damu, kumeza dawa kila siku hata usipoumwa, kupunguza chumvi, kuacha sigara na ulevi. Jumapili hii, mkitoka Misa, ulizeni wazee wenu nyumbani: mara ya mwisho mmepima lini?