Godoro, Sufuria na Blanketi: Pa Kubisha Nakuru

Mafuriko yaliposomba nyumba za Kamuchiri, Mai Mahiu, alfajiri ya 29 Aprili 2024, walionusurika walihitaji unga, na pia sufuria ya kuusongea. Solai ilikuwa vivyo hivyo bwawa la Patel lilipopasuka usiku wa 9 Mei 2018. Misiba kama hiyo huvuta malori ya misaada. Lakini mama wa mtaa wa Kaptembwo au Rhonda, mjini Nakuru, ambaye vyombo vyake vimeshikwa na mwenye ploti kwa deni la kodi hafikiwi na kamera, na ndiye ninayemwandikia zaidi.

Anza kwa naibu wa chifu au mzee wa Nyumba Kumi. Mashirika mengi hutaka mtu wa mtaani athibitishe hali yako, na jina lisilo kwenye orodha kwa kawaida hurukwa. Nenda mapema, si siku lori linapofika. Beba kitambulisho. Kama kimeungua pamoja na nyumba, piga ripoti kituo cha polisi upewe nambari ya OB.

Kwa moto au mafuriko, wa kwanza kuwapigia ni Msalaba Mwekundu, simu 1199, bila malipo. Wao hugawa turubai, blanketi, vyombo vya jikoni, mitungi ya maji, neti na sabuni. Umaskini wa kila siku una milango mingine: Caritas ya Dayosisi Katoliki ya Nakuru, vikundi vya Mtakatifu Vinsenti wa Paulo parokiani, kamati za zaka misikitini. Uliza hata kama husali hapo. Wazee wa miaka 70 na zaidi waulize kwa chifu pia kuhusu Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa, maana pesa taslimu hununua kile ambacho hakuna aliyekitoa.

Anayedai ada ya usajili ili upate godoro ni tapeli. Anayetaka PIN ya M-Pesa, mkatie simu. Unaweza kuomba kuona cheti cha shirika, na wala si ujeuri. Usajili wa mashirika sasa unaongozwa na Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyoanza kutumika 14 Mei 2024, ikachukua nafasi ya ile ya 1990.

Sasa wewe mwenye cha kutoa. Nguo hujaa ghalani huku sufuria zikikosekana; nadhani ni kwa sababu kabati ndilo rahisi kupunguza. Vipimo vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada duniani, vinataka familia ya watu wanne au watano ipate sufuria mbili zenye vifuniko na vyombo viwili vya maji vya lita 10 hadi 20. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya bahari, Molo juu zaidi, kwa hiyo blanketi zito ni bora kuliko shuka tatu. Piga simu kwanza uulize kinachopungua. Na godoro lenye kunguni libaki kwako.